Plastiki Inayopitisha Umeme
Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo



Nimeombwa nizungumze habari ya kujiendeleza. Nimeambiwa kwamba darasa la jioni lilianza limejaa, na sasa mabenchi ya nyuma yamebaki matupu. Wengine wanasema: "Kusoma nimekwisha jua. Barua naandika, na kwenye mizani sipunjwi tena. Ya nini zaidi?" Wengine wanaona haya kufundishwa na mwalimu aliye umri wa mtoto wao. Sikuja hapa kumgombeza mtu. Nimekuja na hadithi ya kweli ya profesa mmoja. Alikuwa na vyeti vyote, naye akakubali kuwa mwanafunzi tena alipokaribia miaka 40. Na alichojifunza kinagusa afya zetu. Nitafika huko.

Jina lake ni Alan Heeger, mzaliwa wa Marekani. Kazi yake ni fizikia, yaani elimu ya mambo kama joto, mwanga, nguvu na umeme. Mtu wa elimu hiyo huitwa mwanafizikia.

Heeger alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la Iowa, akakulia katika mji mdogo. Alipokuwa na miaka 9 baba yake alifariki. Mama akabaki na watoto. Mama huyo mwenyewe katika ujana wake alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu, lakini shida za nyumbani zikamlazimu kutafuta kazi. Kwa hiyo alimwambia mwanawe tangu akiwa mdogo: wewe Chuo Kikuu utakwenda. Na kweli akaenda, katika jimbo la Nebraska. Alianza na uhandisi, akaona haumfai, akahamia fizikia na hesabu. Alimaliza mwaka 1957. Kisha akaenda California kutafuta shahada ya juu kabisa, na mwanzoni alisoma huku akifanya kazi ya mshahara. Yeye alitaka masomo ya kalamu na karatasi tu. Profesa mmoja akamshauri afanye majaribio kwa mikono yake. Akasikia. Shahada akaipata mwaka 1961, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Alikaa huko miaka 20.

Sasa niwaulize. Waya wa umeme umevikwa nini? (Plastiki!) Naam, plastiki. Kwa nini? Kwa sababu plastiki haipitishi umeme. Shaba iliyo ndani inapitisha, plastiki ya nje inatukinga. Fundi yeyote anajua hivyo, na wataalamu wa dunia nzima walijua hivyo. Mtu ambaye angesimama na kusema "Nitatengeneza waya wa plastiki" wangemcheka.

Heeger hakuanza na plastiki. Alikuwa akitafuta vitu visivyo chuma lakini vyenye tabia za chuma. Akasikia habari za kitu kimoja kilichotengenezwa kwa salfa na naitrojeni, chenye rangi kama dhahabu na kinachopitisha umeme. Alitaka kukipima. Lakini kukitengeneza hakujua, kwa sababu hiyo ni kazi ya kemia, yaani elimu ya jinsi vitu vinavyochanganyika na kugeuka. Kemia hakuwa nayo ya kutosha. Angeweza kunyamaza, maana profesa kukiri kwamba jambo hili silijui si rahisi. Badala yake alimwendea mwenzake wa idara ya kemia, katika chuo kile kile.

Mwenzake huyo aliitwa Alan MacDiarmid, naye lazima nimseme kidogo, maana watu wa kisomo watampenda. Alizaliwa New Zealand mwaka 1927, katika familia maskini. Alipofika miaka 16 aliacha shule ya mchana kwa sababu ya shida. Akapata kazi katika chuo kimoja huko Wellington. Kazi gani? Kufagia sakafu na kuosha vyombo vya maabara. Huku anafagia, huku anasoma masomo mawili tu kwa wakati. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka akawa profesa Marekani. Miaka ya kuosha chupa ilimfundisha kemia ambayo wengine walisoma vitabuni tu.

Basi Heeger akamweleza juu ya kile kitu cha salfa na naitrojeni. Alama ya salfa katika kemia ni S, na ya naitrojeni ni N. Kwa hiyo akasema "S, N". MacDiarmid akashangaa. Kwa masikio yake alisikia habari za bati, ambalo alama yake ni Sn, yaani S kubwa na n ndogo. Bati ni madini yanayojulikana, yanapitisha umeme siku zote. Sasa huyu bwana ana jipya gani? Wakazungumza kila mmoja njia yake mpaka walipotambua kwamba wanasema vitu viwili. Ndugu zangu, mwalimu wenu akiwasumbua juu ya herufi kubwa na herufi ndogo, msimchukie.

Hapo waliona kwamba hawajui kusemezana. Maneno ya fizikia ni mengine, ya kemia ni mengine. Wakawa wanakutana Jumamosi asubuhi, bila ajenda, kufundishana tu. Huyu anauliza, yule anaeleza. Maswali mengine yalikuwa ya kitoto, na hilo halikuwazuia.

Mwaka 1975 MacDiarmid alikuwa Japani. Akiwa Tokyo alionyesha kile kitu cha rangi ya dhahabu. Wakati wa chai, Mjapani mmoja, Hideki Shirakawa, akamwambia: mimi nina kitu kinachong'aa kama fedha, tena ni plastiki. Plastiki hiyo ilitokana na gesi ya asetilini, ile ile ambayo mafundi hutumia kuchomelea vyuma. Ilipatikana kwa bahati mwaka 1967. Mtafiti mgeni katika maabara ya Tokyo alizidisha dawa ya kuchanganyia mara 1,000, na badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa. Wengine wangeumwaga. Shirakawa aliutunza na kuuchunguza.

Akaalikwa Philadelphia. Mwaka 1976, hao watatu, mwanafizikia mmoja na wanakemia wawili, waliupitishia utando ule mvuke wa bromini. Baadaye walitumia na iodini. (Iodini ndiyo hayo madini joto tunayotiliwa kwenye chumvi ili tusipate rovu.) Kipimo cha umeme kikapanda ghafla. Plastiki ikapitisha umeme mara mamilioni kuliko mwanzo. Habari hiyo waliitoa mwaka 1977.

Ilikuwaje? Umeme ni mwendo wa vitu vidogo mno viitwavyo elektroni. Fikirini benchi la zahanati siku ya kliniki. Akina mama wamekaa wamebanana, hakuna nafasi hata ya kuweka khanga. Anaweza mtu kusogea? Hawezi. Hiyo ndiyo plastiki ya kawaida. Sasa muuguzi amwite mmoja wa mbele. Nafasi imepatikana, jirani yake anasogea, na wa nyuma yake anasogea, mpaka benchi zima limetikisika. Iodini ndiyo muuguzi. Inaita elektroni mojamoja kutoka kwenye plastiki, nazo zilizobaki zinapata pa kusogea. Ila si kila plastiki. Ndoo yako ukiifukiza iodini utaiharibu bure. Inatakiwa plastiki ambayo elektroni zake zimepangwa kwa namna yake.

Plastiki ile ya kwanza ilikuwa na ila: ikikaa kwenye hewa inaharibika, na kuiyeyusha ili ipakwe haikuwezekana. Mwaka 1982 Heeger, akiwa na miaka 46, alihamia Santa Barbara, California. Huko yeye na wenzake wakashughulika na plastiki zinazoyeyuka, ambazo unaweza kuzipaka kama rangi au kuzichapa kama gazeti hili linavyochapwa. Mwaka 1990 alianzisha kampuni pamoja na mwenzake, Paul Smith. Mwaka 1992 walionyesha taa ya plastiki inayowaka huku imekunjwa. Mwaka 1995 wakatoa namna ya kutengeneza sola za plastiki. Sola hizo sitazisifu sana. Zile ngumu za kioo mnazoziona juu ya mapaa bado zinazishinda kwa nguvu na kwa kudumu.

Mwaka 2000 Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Tuzo ya Nobel. Na tuzo yenyewe ilikuwa ya kemia! Mwanafizikia, aliyekwenda kuomba kufundishwa kemia, akapewa tuzo kubwa ya kemia kuliko zote duniani. MacDiarmid alifariki mwaka 2007.

Sasa nije kwenye afya. Mwili wetu ni laini, unajikunja, una maji na chumvi. Chuma ni kigumu. Ukibandika chuma juu ya ngozi, mtu akikunja kiwiko kinabanduka au kinamkwaruza. Plastiki inajikunja pamoja na ngozi. Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Ndani ya mwili, habari husafirishwa na chumvi iliyo ndani ya maji. Chuma hakiingizi chumvi. Baadhi ya plastiki hizi zinafyonza maji na chumvi, na umeme zinapitisha, kwa hiyo zinasikia pande zote mbili. Mwaka 2013 watafiti huko Ufaransa walilaza utando wa plastiki ya namna hiyo juu ya ubongo wa panya, mwembamba kuliko unywele, wakasikia ishara za ubongo vizuri kuliko kwa vipande vya chuma.

Heeger naye hakubaki kwenye taa. Mwaka 2003, akiwa na miaka 67, umri ambao wengi wetu tunasema "Nimechoka, nasubiri wajukuu", alikuwa kwenye kazi ya kutambua vijidudu kwa umeme, pamoja na Kevin Plaxco na wengine. Kila kiumbe kina uzi wake mdogo wa urithi, na uzi wa mdudu mmoja haulingani na wa mdudu mwingine. Walitengeneza uzi mfupi wa namna hiyo, wakaufunga upande mmoja kwenye dhahabu. Ncha ya pili wakaivika kitu kidogo kinachotoa elektroni. Uzi ukiwa peke yake unajikunja, ncha inakaa karibu na dhahabu, na umeme unapita. Uzi wa ugonjwa unaotafutwa ukija, unashikana na ule wa kwanza na kuunyoosha. Ncha inakwenda mbali na dhahabu, umeme unapungua. Umeme ukipungua, unajua mgeni amefika. Hapa kinachopitisha umeme ni dhahabu, si plastiki. Lakini ni elimu ile ile ya kuufanya umeme useme yaliyomo katika tone la maji. Kifaa cha namna hiyo kinaitwa kipima-uhai, yaani sehemu moja ni kitu cha mwili, na sehemu ya pili ni umeme.

Mtaniuliza: na sisi tunapata nini? Mnajua jinsi mambo yalivyo. Mtu anatolewa damu au makohozi, sampuli inapelekwa mjini, naye anarudi nyumbani kusubiri. Wakati mwingine majibu yanakuja amezidiwa. Kipimo kidogo kinachoendeshwa na betri, kinachojibu pale pale, kinaweza kumwokoa mtu huyo. Kile cha uzi na dhahabu mimi katika zahanati zetu sijakiona, na sitaki kuwadanganya. Lakini ndugu yake mkubwa tunaye. Ni kile kipimo cha sukari. Hicho hakikutoka kwa Heeger; chanzo chake ni kazi ya Leland Clark wa Marekani, ya mwaka 1962. Tone la damu linaingia kwenye kipande cha plastiki kilichopakwa dawa inayotambua sukari. Dawa inatoa elektroni, mashine inazihesabu, namba inatokea. Namba hiyo anayeisoma ni mgonjwa mwenyewe, asubuhi, nyumbani kwake. Asiyejua kama 4 ni ndogo au 14 ni kubwa, na kwa nini, ataipata namba na ugonjwa utaendelea.

Muuguzi wa zahanati ametuletea vipande vitatu vilivyopitwa na tarehe, havijatumika. Vipitisheni mkono kwa mkono. Vigeuzeni kwenye mwanga mtaona mistari myembamba. Ndiyo njia za umeme, zimechapwa juu ya plastiki. Akina mama walioko nyuma wasogee mbele, mabenchi yapo. Maswali yaanze, na mwenye swali asiogope.