Bunduki Haiuzwi kwa Hati ya Mkono: Mazungumzo na Wananchi wa Omurushaka



Mara nyingi tukisimama mbele yenu huwa tunazungumzia mizani ya kahawa, mabati membamba kuliko yalivyoandikwa, au simu iliyouzwa bila risiti. Katika mambo hayo ushauri wetu hauna uzito mkubwa: kagua kabla ya kulipa, dai risiti, rudisha kilicho kibovu. Leo tumekuja kwa bidhaa ambayo ushauri huo hauitoshelezi, nayo ni silaha ya moto ambayo mtu anaimiliki kihalali na sasa, kwa shida au kwa kuichoka, anataka kumuuzia mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima mmoja ana bunduki ya marisau yenye leseni, aliyoinunua miaka mingi iliyopita kwa ajili ya ulinzi wa mji wake. Januari imefika, ada ya watoto inadaiwa, na fedha ya kahawa imekwisha. Shemeji yake anamletea mnunuzi, mtu mpole, mwenye duka. Wanaandikiana karatasi, mashahidi wawili wanatia saini, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, fedha inahesabiwa juu ya meza. Kila mmoja anaondoka akiamini kwamba jambo limekwenda kwa uwazi. Miezi minane baadaye gari la abiria linaporwa njiani, bunduki inakamatwa, na askari anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Daftari la polisi lina jina moja tu kwa namba hiyo, nalo ni la yule mkulima.

Karatasi ile haitamwokoa. Huenda hata ikawa ndiyo ushahidi dhidi yake, kwa kuwa imeandika kwa mkono wake kwamba alimkabidhi silaha mtu asiye na kibali. Muhuri wa kitongoji una kazi zake za heshima, lakini kuhamisha umiliki wa bunduki si mojawapo; na hata hati iliyoandaliwa na wakili haichukui nafasi ya kibali cha polisi.

Mkoa wa Kagera hauhitaji kuelezwa kwa nini sheria imekuwa kali. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka vita ya mwaka 1978 hadi 1979. Walio vijana zaidi wanaukumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kambini Ngara na hapa Karagwe; pia wanaikumbuka miaka ambayo kusafiri katika barabara za mapori yetu kulikuwa ni kujikabidhi kwa Mungu. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilifanyika mkoani humu kwa sababu, pamoja na mengine, ya ujambazi wa kutumia silaha. Si silaha zote za namna hiyo huvuka mpaka kwa siri. Silaha iliyouzwa kwa uzembe na mwenye leseni nayo hufika kule kule.

Mwaka 2004 nchi za ukanda wetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, zikakubaliana kwamba kila silaha iwe na alama na kumbukumbu za kuifuatilia. Tanzania ikatunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Kumiliki silaha bila leseni huhesabiwa pia kuwa kosa la uhujumu uchumi, na chini ya sheria hiyo ya uhujumu uchumi adhabu yaweza kuwa kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Tunawaomba muipime bei yoyote mliyoahidiwa kwa miaka hiyo.

Je, mtu afanye nini? Aanze polisi, kabla ya kumtafuta mnunuzi. Afike kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na leseni yake, aeleze kwamba anakusudia kuiacha silaha hiyo. Mnunuzi naye aombe leseni yake mwenyewe katika wilaya anayoishi; maombi hayo huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, hupita kwenye vyombo vya ulinzi na usalama, na huchukua muda. Katika muda huo silaha isiondoke mikononi mwa mwenye leseni, hata kwa siku moja, hata kwa "kuijaribu". Leseni haiazimwi wala kufuatana na bunduki kama kadi ya pikipiki. Makabidhiano yafanyike mbele ya ofisa wa polisi, namba isomwe, jina libadilishwe kwenye kumbukumbu, na kila upande uondoke na maandishi. Risasi zilizobaki zitajwe hapo hapo. Kumpa mtu risasi za "zawadi" ni kosa linalojitegemea.

Tunajua wapo watakaosema kwamba njia hiyo ni ndefu. Ni ndefu kweli, na imewekwa hivyo kwa makusudi. Anayeona haraka ni bora aisalimishe polisi kuliko kumuuzia mtu wa njiani.

Kwa wanunuzi tuna neno moja. Ukitumiwa picha ya bastola kwenye simu, ukaambiwa ina "karatasi zake zote" na utume kianzio kwanza, jua kwamba unaibiwa au unaingizwa kwenye kesi. Fedha hiyo hatuna namna ya kukusaidia kuidai.

Limebaki suala la magobole na urithi, ambalo katika vijiji vyetu ni kubwa kuliko biashara yenyewe. Gobole lililofuliwa na mhunzi ni silaha ya moto mbele ya sheria, hata kama kazi yake ni kufukuza nguruwe pori shambani. Bunduki ya marehemu nayo haigawanywi kwenye kikao cha ukoo pamoja na ng'ombe na kibanja. Leseni ilikuwa ya marehemu peke yake. Mjane au mtoto anayetaka kuibaki nayo ataomba ya kwake, na wakati huo silaha ikae polisi. Mwaka 2023, kati ya Septemba na Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki isivyo halali. Muda ule umepita, na hatuwaahidi mwingine. Mwenye silaha ya namna hiyo ndani aende kuieleza polisi mapema, kabla haijatafutwa.

Mkiikuta silaha darini au ndani ya sanduku la mzee, msiibebe kwa bodaboda kuipeleka Kayanga. Mkikutwa nayo njiani mtakuwa na maelezo magumu, na huenda ina risasi ndani. Iacheni ilipo, waondoeni watoto, mwiteni mtendaji wa kijiji, na pigeni 112 ili askari waje kuichukua wenyewe.