MAZOEA NA MNYAMA MKALI SI USALAMA

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mbagala)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya wanyamapori, kwa kuwa vijana kadhaa wa Kidato cha Nne wanataka kwenda Chuo cha Mweka au Pasiansi. Ni jambo jema. Hapo Rangi Tatu mnaona mabasi ya Kibiti na Utete, ambako ndiko njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lakini kabla hamjapanda basi hilo, napenda niwaeleze jambo moja: mnyama mkali uliyemzoea aweza kukudhuru upesi kuliko yule unayemwogopa.

Wengi mmesikia habari za Bwana George Adamson wa Kenya, aliyemlea simba Elsa. Filamu ya habari hizo ilipotoka mwaka 1966, mmoja wa simba waliotumiwa aliitwa Boy. Alikuwa amelelewa na watu, na baada ya filamu Adamson alimchukua ili amfundishe kuishi porini. Mwaka 1969, huko Meru, Boy alimjeruhi mtoto wa mhifadhi. Hilo lilikuwa onyo. Hata hivyo mwaka uliofuata alipelekwa kambi ya Kora, na mwezi Juni 1971 akamkamata mmoja wa wafanyakazi wa kambi. Adamson alimpiga Boy risasi akafa, lakini mfanyakazi naye alikata roho. Mwaka 1980, hapo hapo Kora, simba mwingine alimng'ata usoni Terence, mdogo wake Adamson.

Hawa hawakuwa wajinga wa simba. Kosa ni kudhani kwamba mnyama aliyelishwa kwa mkono amekuwa kama mbwa. Mbwa ametokana na vizazi maelfu vilivyoishi na binadamu. Simba aliyelelewa nyumbani ni simba yule yule, ila amepoteza woga wa mtu, na woga huo ndio uliokuwa ukuta baina yenu. Wazee walisema: ukicheza na simba, usimtie mkono kinywani.

Sasa niseme lililo zito kwangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyofanya kazi, tuliletewa ombi la mtunza fisi. Aliomba mwenzake wa zamu, ili asiingie kizimbani peke yake. Mimi ndiye niliyeandika jibu: "Hakuna fungu. Aendelee, ana uzoefu." Fisi yule alimlea mwenyewe tangu mdogo. Miezi miwili baadaye alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilipokwenda kumwona hospitali hakunilaumu. Alisema tu kwamba siku ile fisi alikuwa na mfupa, naye akasahau. Nilitamani angenilaumu.

Kwa hiyo, vijana, mkipata kazi hii, msiingie kwa mnyama peke yenu, hata akiwa mnamjua kwa jina. Hakikisheni mlango wa pili umefungwa kabla ya kufungua wa kwanza, siku ya elfu moja kama siku ya kwanza. Na mjue haki zenu: tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008.

Nanyi wenzangu tunaokaa mezani na kalamu, ombi la namna hiyo likija, tusiandike kwamba mtu ana uzoefu. Uzoefu wake ndio sababu ya kumpa mwenzake.