Safari Zetu na Elimu ya Vijana Wetu

(Somo lililotolewa na mama mmoja mwalimu kwenye semina ya wazazi, wakati wa maadhimisho ya ushirika wetu. Limeandikwa kama lilivyosemwa, likafupishwa kidogo.)



Nimepewa dakika thelathini nizungumze juu ya vijana wetu, wale wa miaka 13 mpaka 18. Mimi nimezaliwa Taveta, nimeolewa Rombo, nafundisha jiografia sekondari, na ni mama wa vijana wawili. Kwa hiyo nikisema "kijana", namjua darasani na namjua mezani.

Nianze na swali. Mwaka huu familia yako imesafiri mara ngapi? Usihesabu utalii. Hesabu misiba, harusi, kwenda kwa bibi Desemba, kuja kongamano kama hivi. Wengi wetu hatukosi safari mbili au tatu, sindiyo? Sasa kijana wako alijifunza nini njiani? Hapo tunanyamaza. Kijana anapanda basi, anachomeka waya masikioni, analala, anaamka tumefika. Umelipa nauli ya watu watano, lakini waliosafiri ni wawili.

Jamani, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi wa watoto wetu wako bweni. Tunakaa nao wiki chache kwa mwaka, na sehemu kubwa ya wiki hizo ni njiani. Na habari za jirani wanazipata wapi? Kwenye simu. Vichekesho vya Mkenya mwenye fujo na Mtanzania mzembe, matusi siku ya mpira. Ushirika huu umesimama kwa sababu wazee wetu walijuana kwa majina, walilala nyumbani kwa wenzao, wakazikana. Kijana anayemjua jirani kwa vichekesho tu, ataurithi ushirika huu namna gani?

Fungueni Yoshua sura ya 4 mkifika nyumbani. Israeli walipovuka Yordani, yalitolewa mawe 12 mtoni, yakasimamishwa Gilgali. Sababu yake inatajwa pale pale: watoto watakuja kuuliza mawe haya ni ya nini, na wazazi wawe na la kuwajibu. Angalieni mpangilio wake, wapendwa. Kwanza kuna mahali. Halafu kuna swali la mtoto. Jibu la mzazi linakuja la mwisho. Sisi tunaanza na jibu. Tunahubiri kwanza, mtoto hajauliza kitu, mahali penyewe hajapaona. Ndiyo maana anachomeka waya masikioni.

Hebu niwapeleke kwenye barabara moja tu, wengi mmeipita kuja hapa: Voi, Taveta, Holili, Moshi. Barabara hiyo ina masomo ya mwaka mzima.

Mpe kijana ramani na rula. Mwambie apime mpaka wa Kenya na Tanzania kuanzia Ziwa Victoria kuja pwani. Rula inakwenda sawa kabisa, halafu ikifika Kilimanjaro mstari unapinda, unauzunguka mlima, unauacha Tanzania. Usimwambie kitu. Ngoja aulize. Atauliza tu! Labda atakuwa ameshasikia kwamba Malkia wa Uingereza alimpa mlima huu mfalme wa Ujerumani kama zawadi. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Waligawana njia na maeneo ya biashara, na Mtaveta, Mchaga au Mmaasai hakuna aliyeulizwa. Mwache kijana alitafakari hilo akiwa amekaa kwenye kiti cha basi, na shangazi zake wako pande zote mbili za mstari huo. Kitabu cha historia kingemchukua muhula mzima kufika hapo.

Maktau na Taveta kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza. Karibu na Taveta kuna kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalirudishwa nyuma na Wajerumani na askari wao. Reli ya kutoka Voi kuja huku ilijengwa wakati wa vita hivyo, kwa ajili ya kubeba majeshi. Shuka na kijana, tembeeni kimya kati ya yale mawe, asome majina na umri. Kuna walioandikwa miaka inayokaribia ya kwake. Halafu atagundua jambo: wapagazi hawapo. Wale Waafrika waliobeba risasi na chakula vichwani walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na magonjwa, na wengi hawana kaburi lenye jina. Wako wapi? Jibu moja liko kwenye masoko yetu. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimetokana na jina moja, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Miji miwili, nchi mbili, jina moja la babu zetu wale wale. Kijana akishajua hivyo, atapita Kariakoo akitazama tofauti.

Songa mbele, mlima umejitokeza. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kwa miguu kupitia nchi ya Wataita, akaona weupe kileleni. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, weupe ule aliuita "baridi" tu. Rebmann aliandika Ulaya kwamba ni theluji, na wataalamu wengine wa ramani kule walimkatalia, eti theluji karibu na ikweta haiwezekani. Hawakuwa wamefika. Mwulize kijana: kati ya aliyefika na aliyesoma, ungemwamini nani, na kwa nini? Hapo anajifunza kupima ushahidi, jambo litakalomsaidia hata akiletewa uongo kwenye simu. Kisha mwambie atafute mzee wa Rombo au Marangu amweleze barafu ilivyokuwa zamani. Wanasayansi wamepima, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Namba hiyo darasani inasahaulika kesho. Ikitoka kwa babu anayeonyesha kwa kidole ilipokuwa ikifika, haisahauliki.

Sasa, tunafanyaje? Nawapa mambo manne.

Kwanza, kabla ya safari, kila kijana achague swali lake moja. Moja tu. Anayependa pesa aulize kwa nini nyanya ina bei hii Taveta na bei nyingine Himo. Anayependa ufundi aulize mifereji ya Wachaga, ile mifongo, inateremshaje maji mlimani bila pampu. Swali likiwa lake, hutamsukuma.

Pili, mpe kazi ya kweli. Mmoja ashike mfuko wa safari, ahesabu nauli na chakula kwa shilingi ya Kenya na ya Tanzania. Mwingine akague hati zote za familia kabla ya kufika kituo cha mpakani. Kijana wangu wa miaka 15 alipokabidhiwa pesa Holili, alikuta bei mbili tofauti za kubadilisha, hatua chache tu kutoka hapa hadi pale. Alikokotoa tofauti yake kwa vitumbua! Mahesabu ya uwiano yalimwingia siku hiyo. Lakini kazi iwe ya kweli. Ukimpa pesa halafu unamnyang'anya kila kituo, umemwambia humwamini.

Tatu, kila mahali pawe na mtu wa kuulizwa. Mama wa sokoni, fundi wa reli, mkulima wa kahawa kwenye kihamba chake. Na adabu itangulie: shikamoo kwanza, kujitambulisha, kuomba ruhusa kabla ya picha. Mpakani simu ibaki mfukoni. Binti na kijana wa kiume wote waulize, binti asiachiwe kushika mtoto mgongoni wakati kaka yake anajifunza.

Nne, mkirudi, afundishe. Awaeleze wadogo zake, au shule ya Jumapili, dakika kumi. Mtu akijua atafundisha, anasikiliza kwa masikio mengine.

Najua maswali yenu. "Mwalimu, mimi sikusoma, nitajibu nini?" Mama, si lazima ujue. Sema, "Twende tukamwulize anayejua." Kijana akikuona unauliza, anajifunza kwamba kuuliza si aibu. "Pesa je?" Sijasema mwongeze safari hata moja. Nauli mmeshalipa. Kinachotakiwa ni kutoka saa mbili mapema. "Na shule?" Wa darasa la mtihani msimtoe shule. Kenya na Tanzania likizo zetu nyingi hazilingani, lakini Desemba tunakutana, na Desemba ndipo tunasafiri.

Na tahadhari moja kwa wazazi wenzangu: msigeuze safari kuwa mtihani. Ukianza "mlima huu una mita ngapi, haya jibu!", kijana atafunga mdomo mpaka mfike. Kama anataka kujua ni 5,895, atakuuliza. Kukaa kimya pamoja dirishani nako ni masomo.

Nimalizie na la kwetu hapa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya mpaka mwaka 1983. Miaka sita, wapendwa. Humu ndani kuna wazee ambao ndugu zao walikuwa upande wa pili, na hawakuweza kuvuka kwenda hata msibani. Vijana wetu leo wanavuka kwa dakika chache, wanafikiri imekuwa hivi siku zote. Wazee hao hawatakuwa nasi daima. Nawaomba kila familia, kabla hamjapanda basi kesho, kijana wenu akae na mzee mmoja wa upande wa pili, amwulize swali hili: mpaka ulipofungwa, mliishije? Aandike jibu kwenye daftari, na jina la mzee pembeni. Wewe mzazi kaa karibu, usikatishe.

Wazee ndio mawe yetu ya Gilgali. Wapelekeni watoto wakaulize.

Mungu awabariki, awafikishe salama nyumbani. Amina.