Je, Haki Inaruhusu Asiye na Kosa Aadhibiwe?



Kila Ijumaa Kuu huhubiriwa kwamba Kristo alikufa badala yetu, na waumini huitikia amina. Jioni ya leo naomba tuulize kama haki nayo inaitikia.

Aliyelikazia swali hili kuliko yeyote ni Mwitaliano Fausto Sozzini, katika kitabu alichokiandika mwaka 1578 kikachapishwa 1594. Deni la fedha, alisema, aweza kulilipa yeyote. Adhabu humfuata aliyekosa. Tena, kama deni limelipwa, Mungu amesamehe nini? Na kama amesamehe, malipo yalikuwa ya nini? Ezekieli, sura ya 18, alikwisha kukataa mwana abebe uovu wa babaye.

Wapo wanaotuelekeza mahakamani. Mshtakiwa akihukumiwa faini au miezi sita jela, ndugu hutoka nje wakachangishana: shangazi anafungua pindo la khanga, binamu anatuma kwa simu, na karani akishakata stakabadhi hakuna anayeuliza fedha ni za nani. Lakini shangazi huyo huyo akisema, "Mwanangu aende nyumbani, jela nitakaa mimi," hakimu atamwona amechanganyikiwa. Mwanafalsafa wa Marekani David Lewis, ambaye hakuamini kuwa Mungu yupo, aliandika mwaka 1997 kwamba hapa sote tuna ndimi mbili, kwa hiyo wasioamini wasiwacheke Wakristo. Ni uungwana, lakini ukigeugeu wetu hauwezi kuwa hoja ya kumtetea mwingine.

Kwa maoni yangu, mambo yaliharibika pale fidia ilipochanganywa na adhabu. Anselm wa Canterbury, aliyemaliza kitabu chake juu ya Mungu kufanyika mtu mwaka 1098 akiwa uhamishoni Italia, alifundisha kwamba dhambi hufuatwa na moja kati ya mawili: fidia au adhabu. Kwake Kristo hakuadhibiwa. Alitoa kwa hiari uhai ambao hakudaiwa, na kwa kutolewa fidia, adhabu haikuwa na nafasi tena. Calvin, aliyesomea sheria kabla ya kuwa mwanamageuzi wa Kanisa, ndiye aliyeipa nguvu lugha ya hukumu: adhabu iliyotustahili imemwangukia Kristo. Ndiyo maana alimkazia macho Pilato, hakimu aliyetamka kwamba mshtakiwa hana hatia, kisha akamtoa asulubiwe. Calvin aliona hapo ishara ya wokovu wetu. Wakili mwingine yeyote angeona sababu ya kukata rufaa.

Mwaka 1617 Mholanzi Hugo Grotius alimjibu Sozzini kwamba Mungu si mdai bali ni mtawala anayelinda heshima ya sheria. Sawa, ila mtawala anayemtesa asiye na kosa ili sheria iheshimiwe tunamfahamu, na hatumwiti mwenye haki.

Mtasema Kristo si mtu wa tatu, ni Mungu mwenyewe. Jibu hilo ni zito, na ndilo linaloiangusha lugha ya adhabu. Aliyekosewa akiibeba hasara yeye mwenyewe, hajaadhibiwa. Amesamehe kwa gharama yake.

Kwa hiyo nasema: fidia inapatana na haki, adhabu ya kuhamishwa haipatani nayo. Nanyi mnaowaandaa wachungaji katika vyuo vya theolojia, nawaomba msifundishe Isaya 53, juu ya mtumishi anayebeba dhambi za wengine, bila kuifungua Ezekieli 18.