Kabla ya Kupanda, Tuulize Nani Atanunua

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mwenyekiti, akina mama na akina baba, wengi wenu mmeniuliza: tukipanda mimea ya kutengeneza mafuta ya gari, tutapata faida? Hebu kwanza tuangalie yaliyopita.

Kule Muhoroni kulijengwa kiwanda cha kutengeneza spiriti kutokana na molasi, yaani yale masalia ya miwa baada ya sukari kutolewa. Kuanzia mwaka 1983 spiriti hiyo ilichanganywa na petroli, sehemu moja kwa tisa, ikauzwa Nairobi. Masalia yakawa mali, na hakuna aliyeng'oa mahindi yake. Lakini bei iliyowekwa haikutosha, na makampuni ya mafuta hayakuupenda mpango huo. Mwaka 1993 ukafa.

Mwaka huo huo, Brazil ilipitisha sheria kwamba petroli ichanganywe na spiriti asilimia 22. Wao walianza mwaka 1975, na serikali yao ikawakopesha wenye viwanda. Mwenye miwa alijua soko liko. Basi mnaona tofauti? Serikali ikishika mkono leo na kuuachilia kesho, hasara humwangukia mwenye jembe.

Halafu miaka ya 2000 tukaletewa jatrofa, ambayo wengine huiita mbono. Tuliambiwa itamea penye ukame na kuleta pesa. Wataalamu walipochunguza mashamba ya Kenya mwaka 2009, walikuta mavuno ni haba na gharama hairudi. Wakashauri mkulima mdogo aipande kama ua tu.

Ndugu zangu, sisemi mkatae kila jambo jipya. Lakini Bwana Yesu alitufundisha kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Kwa hivyo, akija mtu na miche, kikundi kimwulize maswali matatu.

Kwanza, mnunuzi ni nani, na bei imeandikwa wapi?

Pili, kuna sheria inayolazimisha mafuta hayo yanunuliwe, ama ni hotuba tu?

Tatu, soko likikosekana, watoto watakula nini? Mahindi yasiponunuliwa huliwa. Mbegu za mbono zina sumu.

Asipojibu yote matatu, mpeni chai, mumshukuru, na shamba libaki na mahindi.