KUSHUKIWA SI KUHUKUMIWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Molo)



Nimeombwa niseme juu ya fidia ya ajali kazini, hasa mtu anaposhukiwa kuwa anadanganya. Tusipolijua jambo hili vizuri, tutapoteza haki yetu, au tutamtetea mwongo.

Tufanye mfano. Mtu wa gengi ameinua taruma, mgongo ukamshika. Daktari amempa barua ya kupumzika. Wiki ya pili ameonekana sokoni hapa Molo amebeba gunia la viazi. Maneno yanafika ofisini: "Yule si mgonjwa, anakula pesa za bure." Je, ni nani mwenye kukata shauri hilo?

Si mnyapara, si karani, wala si watu wa bima. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 imempa kazi hiyo Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Sheria hiyo ilibishaniwa mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2019.

Mkurugenzi huuliza pande zote mbili. Aweza kumtaka mwajiri na mfanya kazi walete habari zaidi, na mgonjwa aweza kuitwa apimwe na daktari. Akiitwa, aende. Lile gunia ni jambo la kuulizwa: Lilikuwa na uzito gani? Siku gani? Daktari alimkataza nini? Majibu ndiyo yatakayoonyesha kama kuna uwongo.

Sasa shikeni siku hizi. Ukiumia, mwambie mwajiri mara moja. Naye hupewa siku 7 kumjulisha Mkurugenzi. Mtu akifa, saa 24. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kumwandikia Mkurugenzi kuupinga. Yeye hukujibu kwa siku 14, nawe una siku 30 za kwenda mahakama ya kazi.

Kufukuzwa kazi ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri akueleze kosa lako kwa lugha unayoifahamu, tena akusikilize, ukiwa na mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua. Basi ukiitwa, usiingie peke yako.

Na kumwita mtu mhalifu ni kazi ya mahakama tu. Mwenye kupata mali kwa hila, akithibitishwa, aweza kufungwa miaka 3.

Ndugu zangu, chama hakitamficha mwongo. Fidia ya mtu aliyelemaa maisha hupigiwa hesabu ya mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya ulemavu wake. Hizo ni karo za watoto wake na unga wa nyumba yake. Mmoja akidanganya, atakayeumia kweli kesho atatazamwa kwa jicho baya.

Kwa hiyo andikeni tarehe, saa na majina ya walioona ajali. Kila karatasi mnayoitoa, bakini na nakala yake. Mkishukiwa, njoni kwa mjumbe siku hiyo hiyo, msingoje mpaka siku zimekwisha.

Mwenye swali na asimame.