Waya au Bila Waya? Kuchagua Kibodi na Kipanya cha Saiba, Shule na Ofisi

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wenye saiba, walimu wa kompyuta na vikundi vya vijana wa Keumbu. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kufika.

 

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi. Kikundi cha vijana kimepata mkopo, kinataka kufungua saiba, kinauliza kama kinunue kibodi na vipanya vya waya au vile visivyo na waya ambavyo muuzaji anavisifu kuwa ndivyo vya kisasa. Mwalimu anauliza hilo hilo kuhusu chumba cha kompyuta cha shule. Jibu langu nalitoa mapema, asije mtu akaitwa dukani kabla sijafika: chumba ambacho watu wengi wanatumia kompyuta zile zile, nunueni vya waya. Visivyo na waya vina mahali pake, na nitapataja. Saiba si mahali pake.

Fikirieni tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Fikirieni pia siku za mwisho za kuomba mkopo wa HELB, au wiki ambayo wanafunzi wanachagua kozi kwenye mfumo wa KUCCPS. Foleni inafika barabarani. Msichana ametoka kijijini kwa bodaboda, ameshika kitambulisho cha mzazi na barua ya kujiunga na chuo, na mfumo unafungwa usiku wa manane. Siku kama hiyo kipanya kikizimika kwa sababu betri zimekwisha, mwenye saiba anatuma mtoto dukani, mtoto anarudi na betri za ukubwa usiofaa, na foleni haisogei. Hakuna aliyekosea hapo. Ni kifaa tu kilichonunuliwa bila kuangalia kazi yake.

Tupige hesabu. Tuseme saiba ina kompyuta 10, na kila kibodi inatumia betri mbili na kila kipanya betri moja. Hizo ni betri 30 mezani wakati wowote, na hazitakwisha siku moja. Zitakwisha moja leo, mbili Alhamisi. Mtu mmoja nyumbani anaweza kukaa miezi mingi kabla ya kubadilisha. Kwenye saiba kipanya hakilali tangu asubuhi hadi jioni. Tena ukinunua zile za bei ya chini zaidi badala ya alkalaini, utazibadilisha mara nyingi zaidi, na zikiachwa ndani ya kifaa zikachakaa huvuja na kula vyuma vinavyopitisha umeme. Kwa hivyo unapolinganisha bei dukani, kifaa kisicho na waya kina bei ya pili ambayo haijaandikwa kwenye boksi.

Halafu kuna kile kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kwa vifaa vingi vya bei nafuu, kila kibodi huunganishwa na kipokezi chake kiwandani na haitaki kingine. Mteja akikichomoa ili aweke flashi yake, akasahau kukirudisha au akaondoka nacho mfukoni bila kujua, kibodi nzima inabaki ubao wa plastiki. Mkiwa na kumi zinazofanana, siku ya usafi vipokezi vikichanganyika mtashinda mkijaribu kimoja kimoja, mteja wa meza ya tatu akiandika na herufi zikitokea meza ya saba.

Vifaa hivi pia vinagombania hewa. Vingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na Bluetooth na sehemu kubwa ya Wi-Fi. Chumba kidogo chenye ruta, simu ishirini na vipanya kumi ni kama stendi ya matatu kila makanga anapoita abiria wake. Kipanya kinaanza kurukaruka. Kampuni ya Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba hata tundu za USB 3.0, zile ambazo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa kelele katika masafa hayo hayo. Mwenye kipanya kinachosuasua asikimbilie kununua kingine. Ahamishe kwanza kipokezi kwenye tundu la mbele ya kompyuta, mbali na hadi diski ya nje, aone.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kibodi ya saiba ndiyo njia ambayo siri za wakazi hupitia: nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nenosiri la eCitizen, taarifa za SHA za familia nzima pamoja na watoto. Kibodi ya waya hupeleka herufi hizo ndani ya waya. Isiyo na waya huzirusha hewani kama redio, na redio haichagui msikilizaji. Watengenezaji makini huzifunga kwa msimbo wa siri kabla ya kuzirusha, ili atakayezinasa asielewe kitu. Si wote wanaofanya hivyo. Mnamo Februari 2016, watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille, kule Marekani, walionyesha kwamba vipokezi vya kampuni kadhaa, zikiwemo zenye majina makubwa, vingeweza kudanganywa vikubali herufi zinazotumwa na mtu mwingine aliye umbali wa hadi mita 100, kwa kutumia kifaa cha bei ndogo sana. Julai mwaka huo huo wakaonyesha kibodi za bei nafuu za kampuni nane zilizokuwa zikirusha kila herufi wazi kabisa. Mita 100 ni kuvuka barabara kuu na kupita vibanda kadhaa. Mtu huyo humwoni na wala hahitaji kuingia saiba yako.

Simwambii yeyote kwamba mwizi wa namna hiyo yuko sokoni hapa. Ninachosema ni kwamba kibodi isiyo na jina, isiyoandikwa popote kwamba inafunga herufi zake kwa siri, haifai kuandikiwa nenosiri la mtu mwingine. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu achukue hatua za kuzilinda, na mwenye saiba anayemjazia mzee fomu hawezi kusema hilo halimhusu.

Waya nao si kinga ya kila kitu. Kuna vifaa vidogo, mfano wa adapta fupi, vinavyochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta na kuhifadhi kila kinachoandikwa. Dawa yake ni rahisi: kila asubuhi kabla ya kufungua, inama uangalie nyuma ya kila mashine. Waya wa kibodi uingie moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukiona kitu katikati ambacho hukukiweka wewe, kiondoe na utoe taarifa polisi.

Waya una taabu nyingine pia. Hukatika shingoni, pale unapotokea kwenye kipanya, kwa sababu wateja hukivuta kana kwamba wanafunga ng'ombe. Hunaswa na miguu ya viti. Na panya halisi huutafuna waya wa kipanya. Sijui kama ni wivu wa jina. Inasemekana jina lenyewe lilitokana na huo waya, uliofanana na mkia. Douglas Engelbart alipokionyesha kipanya hadharani huko San Francisco mwaka 1968, kilikuwa kimetokana na kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na mkia wake ulikuwepo. Lakini waya ukikatika, fundi wa hapa hapa anaweza kuuchomelea kwa risasi, na ukiwa na kipanya kimoja cha akiba foleni inaendelea. Funga waya kwenye mguu wa meza ukiacha nafasi ya kutosha mkono kuzunguka, na utapunguza nusu ya matatizo haya.

Kompyuta nyingi zinazonunuliwa na vikundi zimetumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Nyuma yake mnaweza kukuta matundu mawili ya duara, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya. Yanafanya kazi vizuri tu. Zima mashine kwanza kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Mashine hizo nyingi hazina Bluetooth, kwa hivyo kibodi ya Bluetooth haitaongea nazo bila kununua kifaa kingine. Na hata kwenye mashine yenye Bluetooth, kompyuta ikikataa kuwaka vizuri na fundi akataka kuingia kwenye mipangilio ya awali, mara nyingi kibodi hiyo haitaitika, kwa sababu programu inayoiendesha bado haijaamka. Ofisi yoyote, hata inayopenda visivyo na waya, iweke kibodi moja ya waya kabatini.

Nani basi anunue visivyo na waya? Mwalimu anayefundisha kwa projekta na anataka kutembea darasani akibadilisha kurasa, kipanya kisicho na waya kitamsaidia sana. Mtu mwenye laptopu yake mwenyewe, anayeibeba mkobani kila siku. Na kuna mwingine ambaye tunamsahau tunapopanga vyumba vyetu: mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye meza ya saiba ni fupi au nyembamba kwake. Kibodi anayoweza kuilaza mapajani inamtoa kwenye kona ya kuomba aandikiwe na kumrudishia nenosiri lake mkononi mwake. Kwa huyo, kikundi kinunue seti moja nzuri, ya kampuni inayoandika waziwazi kwamba inafunga herufi kwa siri, na kipokezi chake kikae kwenye mashine moja isiyobadilishwa.

Kamati za shule na vyuo vya ufundi, mkiomba bei msiandike tu "kibodi 20 na vipanya 20." Muuzaji ataleta alichonacho. Andikeni: za waya, plagi ya USB, zote za aina moja, urefu wa waya unaofika mezani kutoka mahali kompyuta ilipo, na vipuri viwili juu ya idadi. Pimeni huo urefu kwanza. Kompyuta ikikaa sakafuni na meza ni pana, waya mfupi haufiki.

Betri kuukuu msizitupe shambani wala motoni, na msizitie chooni. Maji ya chemchemi zetu yanatoka kwenye udongo huo huo. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotokea. Anza na kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

Pale mezani tumeweka kibodi mbili, ya waya na isiyo na waya, na kipanya kilichofunguliwa ili muone waya unapokatikia. Njooni mvishike. Mliokuja na vifaa vyenu vyenye matatizo, anzeni nyinyi.